Kipupwe kando ya ziwa: twende na watoto au tubaki nyumbani?

Swali

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 12, 8 na 3, tunaishi Buzuruga hapa Mwanza. Likizo hii ya Juni tunataka Jumapili moja twende familia nzima kutembea kando ya ziwa, tuanzie Kamanga pale kwenye jiwe la Bismarck hadi Capri Point, na pesa ikitosha tuvuke Saanane. Mama mkwe hataki kusikia. Anasema upepo wa ziwa wakati wa kipupwe utawapa watoto nimonia, hasa huyu mdogo. Shemeji yeye anasema huu ndio msimu wa kuwaogesha ziwani, kwa sababu maji yakiwa ya baridi kichocho hakipo, na ziwa lenyewe lina mawimbi. Mimi nina wasiwasi kwa kuwa wiki tatu zilizopita tulikuwa Igombe, huyu wa miaka 8 akacheza majini karibu nusu saa. Usiku akajikuna miguu, akatoka vipele, kesho yake vikaisha. Jirani ananiambia ninunue dawa ya kichocho nimpe leo leo, ingawa shuleni walimezeshwa mwaka jana. Mkubwa ana selimundu. Na mamba nawaogopa. Nifanyeje?"

Jibu

Mama, nendeni. Matembezi ya kipupwe kando ya ziwa hayana ubaya kwa watoto wako watatu, ilimradi wabaki nchi kavu. Karibu kila hatari uliyoitaja inakaa mahali pamoja: kwenye maji ya ukingoni, yale ya kufika kifundo cha mguu hadi kiunoni, ambayo watoto huyapenda na wazazi huyaona hayana shida kwa sababu si ya kina. Huko ndiko konokono wa kichocho wanakoishi, huko ndiko mamba anakovizia, na huko ndiko mtoto wa miaka 3 anakoweza kuzama bila mtu kusikia. Juu ya mawe, barabarani na ufukweni pakavu, kilichobaki ni jua, upepo na bodaboda, na hivyo mnavijua.

Nianze na shemeji, maana ushauri wake ndio unaonitia hofu kuliko wa wengine wote.

Kichocho hakina likizo ya kipupwe katika Ziwa Victoria. Tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta. Hewa ya alfajiri inaweza kushuka hadi nyuzi 16 au 17 mtoto akatetemeka, lakini ziwa ni kubwa mno kupoa kwa haraka namna hiyo. Maji yake ya juu hubaki karibu nyuzi 24 hata Juni na Julai, na konokono hawasumbuliwi kabisa na joto hilo. Mkono wako unayaona maji ya baridi kwa sababu mwili wako una nyuzi 37 na upepo unapuliza. Konokono hapimi hivyo.

Mzunguko wenyewe uko hivi. Mtu mwenye minyoo ya kichocho cha tumbo, ambacho ndicho cha ziwani kwetu, hutoa mayai kwenye kinyesi. Kinyesi kikifika majini, mayai hupasuka na kutoa vijidudu vinavyotafuta konokono. Vina saa chache tu za kumpata, vikimkosa vinakufa. Vikimpata huingia ndani yake na kuzaliana, na baada ya wiki nne hadi sita konokono yule mmoja huanza kumwaga majini maelfu ya vijidudu vya aina nyingine, vyenye mkia, vidogo chini ya milimita moja. Hivi ndivyo vinavyotafuta ngozi ya binadamu. Hutoka konokono anapopata mwanga, na huwa vingi zaidi jua likiwa kali kuelekea mchana, saa zile zile ambazo watoto wanaoga. Kikishagusa ngozi, dakika chache zinatosha kupenya. Hakihitaji kidonda, wala mtoto hahitaji kunywa maji hayo. Akiyanywa, vinaweza kupita kwenye ngozi laini ya mdomo.

Hoja ya mawimbi ina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Ni kweli konokono hupendelea maji yaliyotulia penye matete, mafunjo na magugumaji, kwa hiyo kwenye mwalo wenye majani hatari ni kubwa kuliko kwenye jiwe tupu linalopigwa na mawimbi. Lakini ziwa letu lina aina zaidi ya moja ya konokono wa kichocho. Mmoja hukaa kwenye majani ya ukingoni, mwingine huishi chini kabisa kwenye mchanga na tope, hata kwenye maji ya kina. Vijidudu vyenyewe navyo huelea na kusukumwa na maji kutoka vilikozaliwa. Mchanga mweupe na maji maangavu havithibitishi chochote. Hata vile vidimbwi ambavyo ziwa huacha likipungua baada ya masika, ambavyo watoto huviona kama bwawa lao la kuogelea, ni vya kukwepa.

Tena, mama, kama likizo hii mtafika kwa ndugu huko Misungwi au Kwimba, onyo hilo hilo liende nanyi kwenye malambo na mashamba ya mpunga. Huko kuna kichocho cha kibofu, kile cha kukojoa damu, kinachobebwa na konokono wa aina nyingine. Nalitaja kwa sababu watu wengi wa Mwanza husema "mwanangu hakojoi damu, kwa hiyo hana kichocho". Kichocho cha ziwani hakikai kwenye kibofu. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, jike mmoja akitaga mayai kama 300 kwa siku. Sehemu ya mayai hayo hutoka na choo, na sehemu hunasa kwenye utumbo na ini. Yaliyonasa ndiyo yanayoleta ugonjwa: tumbo kuuma, kuharisha damu, mtoto kukosa nguvu na kudumaa, na baada ya miaka mingi ini kuwa na makovu, wengu kuvimba na mtu kutapika damu. Mkojo unaweza kuwa safi muda wote huo.

Sasa huyu wa miaka 8. Kuwashwa na vipele usiku ule baada ya Igombe vinaweza kuwa alama ya vijidudu kupenya ngozi. Inawezekana pia vilikuwa vijidudu vya kichocho cha ndege au cha wanyama, ambavyo hufia kwenye ngozi ya binadamu na kuacha muwasho tu. Kwa kutazama vipele huwezi kutofautisha, na vipele vikiisha haimaanishi kwamba kilichoingia kimekufa. Watoto wengi wanaoambukizwa hawawashwi hata kidogo. Kwa hiyo mchukulie kama mtoto aliyeingia kwenye maji yenye hatari kwa nusu saa, ambavyo ndivyo ilivyokuwa.

Jirani yako ana nia njema, ila tarehe imemkosea. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo waliokomaa. Wale wachanga walioingia wiki tatu zilizopita bado wako safarini kutoka ngozini, kupitia mapafu, kwenda kwenye mishipa ya ini, na katika umri huo dawa hii haiwafanyi kitu cha maana. Ukimpa leo, waliokomaa kutoka safari za zamani watakufa, hawa wapya watabaki, nawe utalala ukidhani umemaliza kazi. Ndiyo sababu kipimo pia hakifai sasa. Mayai huanza kuonekana kwenye choo baada ya wiki sita hadi nane tangu siku ya kuingia majini. Chukua kalenda, tafuta tarehe ya Igombe, hesabu wiki nane, uandike siku hiyo. Ndiyo siku ya kumpeleka kituo cha afya.

Ile dawa ya shuleni ilikuwa ya kingatiba, na ilimsaidia kwa minyoo aliokuwa nao siku ile. Si chanjo. Haikai mwilini kumngojea mnyoo wa mwaka unaofuata. Mtoto anaweza kumeza Jumatatu na kuambukizwa upya Jumamosi.

Mkifika kituoni, kipimo kinachopatikana zaidi ni cha choo kwa darubini. Kina udhaifu wake: kipande cha choo kinachotazamwa ni kidogo sana, na minyoo wakiwa wachache mayai yanaweza kukosekana kwenye kipande hicho. Jibu la "hajaonekana" kwa sampuli moja si la kulala nalo. Omba kurudia kwa choo cha siku nyingine, na panapopatikana kipimo cha mkojo kinachotafuta chembechembe za mnyoo, nacho kinasaidia kwa kichocho cha tumbo. Mhudumu anaweza pia kuamua kumpa dawa bila kusubiri sampuli nyingine, kwa vile tunajua aliingia majini na tunajua ni ziwa gani. Kwa maoni yangu, kwa mtoto wa Mwanza aliyekaa majini nusu saa, uamuzi huo ni wa busara. Dawa ni salama na ni ya siku moja, na kumwacha na minyoo ni ghali kuliko kummezesha.

Kipimo cha dawa huenda kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 25 anahitaji miligramu 1,000. Vidonge vya kawaida ni vya miligramu 600, na hapo ndipo wanaonunua wenyewe dukani hukosea, wakampa kimoja "kwa kuwa ni mtoto". Dozi pungufu huacha minyoo hai. Ale kwanza, ugali au wali wa kushiba, kisha ameze na maji mengi bila kutafuna, maana ni chungu sana na akitafuna atatapika. Kizunguzungu, tumbo kukata na kichefuchefu ndani ya saa chache ni kawaida na huisha siku hiyo hiyo au kesho yake. Mtoto mdogo asilazimishwe kidonge kizima, kinaweza kumkaba. Mhudumu atakisaga na kuchanganya na chakula. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza hata watoto wa miaka 2 wajumuishwe kwenye kingatiba, kwa hiyo kama huyu wa miaka 3 ulimweka kwenye beseni la maji ya ziwa au ulimkalisha ukingoni huko Igombe, mtaje naye. Na wewe mama, kama uliingia kumshika, uko kwenye orodha hiyo.

Kati ya leo na wiki ya nane kuna jambo moja la kuangalia. Mwili unaweza kuwapokea minyoo wapya kwa kishindo, kati ya wiki ya pili na ya nane: homa, kikohozi kikavu, maumivu ya mwili, vipele vya kuwasha vinavyohama, kuharisha. Akipata homa usiseme ni kichocho ukatulia. Mwanza homa ya mtoto ni malaria mpaka kipimo kikatae, kwa hiyo apimwe malaria siku hiyo hiyo. Ila kipimo kikikataa na homa ikaendelea, mwambie daktari maneno haya: "Alioga ziwani Igombe tarehe fulani." Hiyo tarehe inaweza kuokoa wiki mbili za kubahatisha na antibaotiki.

Hofu ya mama mkwe sitaki mmdharau kwayo, maana ana haki kwa mjukuu mmoja, ila si yule anayemtaja.

Nimonia huletwa na bakteria na virusi, na mara nyingi mtoto huvipata kwa mtu anayekohoa karibu naye. Upepo wenyewe hauna nimonia. Watoto huugua zaidi miezi ya baridi kwa sehemu kubwa kwa sababu tunajifungia: madirisha yamefungwa, watu sita chumba kimoja, jiko la mkaa ndani, mmoja anakohoa wote wanavuta. Ufukweni kwenye hewa wazi ni salama kuliko sebule hiyo. Huyu wa miaka 3, kama kadi yake ya kliniki inaonyesha chanjo zote zimekamilika na siku hiyo hana homa wala kukohoa, avae fulana, sweta, kofia, soksi na raba, aende. Mpeni bibi kazi ya kuhesabu pumzi kama ana wasiwasi: mtoto akiwa ametulia, halii, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa umri wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika, au kifua kuzama ndani chini ya mbavu anapovuta hewa, ni safari ya hospitali siku hiyo bila kungoja kesho.

Anayepaswa kulindwa na baridi ni mkubwa, mwenye selimundu. Kwake baridi ni jambo halisi. Ngozi ikipoa ghafla mishipa midogo hujibana, damu hupita polepole, chembe nyekundu hukaa muda mrefu bila oksijeni, zinajikunja umbo la mundu na kukwama. Hapo ndipo maumivu ya mifupa yanapoanzia. Akiwa na kiu hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa chembe zikikosa maji ndani yake hujikunja upesi. Ndiyo maana kipupwe kinamdanganya mara mbili: hewa baridi inamkaza mishipa, na kwa kuwa hatoki jasho hasikii kiu, anasahau kunywa. Yeye avae nguo mbili tatu nyepesi za kupandanisha badala ya koti moja zito, ili avue moja jua likipanda na kurudisha upepo ukiongezeka. Nguo ikilowa ibadilishwe papo hapo, kwa hiyo bebeni ya akiba. Anywe mafunda machache kila baada ya robo saa, hata akisema hataki. Lita moja na nusu yake peke yake iwe kwenye mkoba. Msiende mwendo wa mashindano, na kilima cha Capri Point apande kwa kupumzika. Dawa zake za kila siku asiziruke kwa sababu ni siku ya matembezi, na ile ya maumivu aliyoandikiwa kliniki iwe mkononi. Hata bila kichocho na mamba, kuogelea kwenye maji ya baridi si kwa ajili yake.

Maumivu yakianza njiani, mkalisheni mahali pasipo na upepo, mfunikeni, mpeni maji na dawa yake, msimwekee kitu cha baridi. Yasipopungua ndani ya saa moja hivi mpelekeni hospitali. Lakini homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, upande mmoja wa mwili kulegea, kupauka ghafla au tumbo la kushoto kuvimba, hayo msiyape hata nusu saa.

Baada ya hapo safari yenyewe ni rahisi kuipanga. Tokeni Buzuruga mapema ili saa mbili na nusu asubuhi muwe Kamanga, na saa tano au sita mmeshamaliza. Sababu ni ya jua na ya upepo. Jua la Juni huku kwetu linachoma hata hewa ikiwa baridi, tena tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na maji yanarudisha mwanga usoni. Kofia pana kwa wote, na kama katika ukoo wenu yupo mtoto mwenye ualbino mtakayemchukua, mikono mirefu, suruali ndefu na mafuta ya kuzuia jua ya namba 30 kwenda juu ni lazima, yapakwe tena kila baada ya saa mbili.

Upepo nao una ratiba. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, kwa hiyo asubuhi upepo mwingi hutoka nchi kavu kwenda majini, maji ya ukingoni yametulia na yanaonekana rafiki. Kuanzia adhuhuri nchi kavu imepata moto, upepo unageuka kutoka ziwani na mawimbi yanaanza. Asubuhi ile ya utulivu ina mtego wake: mpira ukidondoka majini unasukumwa nje, unaondoka taratibu, hatua moja mbele ya mtoto anayeufuata. Watoto wengi wazuri wa kusikia huvunja amri kwa ajili ya mpira. Uacheni nyumbani.

Vaeni raba, si ndala. Kwenye miamba yetu sehemu iliyo karibu na maji ina utando wa kijani unaoteleza kama sabuni, na mara nyingi jiwe linakatika ghafla, hatua moja kavu, inayofuata kina. Karibu na mialo ya wavuvi kuna ndoano, vipande vya nyavu na miba ya samaki mchangani. Ikimchoma mtu, osheni kidonda kwa maji safi na sabuni, muulizie pepopunda kituoni kama chanjo zake hazijakamilika. Mkiwa barabarani, watoto wawe upande wa ndani, mbali na bodaboda. Mdogo ashikwe mkono na mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Wakiwa watu wazima wanne na kila mmoja anadhani mwenzake anamwangalia, hakuna anayemwangalia. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono. Anashuka kimya, na dakika mbili tatu zinatosha.

Kuhusu mamba, usione aibu kuogopa. Mikasa inayosikika Sengerema na Buchosa huwakuta zaidi watu wanaochota maji, kufua, kuoga na kuvua wakiwa wamesimama ndani ya maji au wameinama ukingoni. Mamba huwinda kwa kuvizia. Hulala chini ya maji machafu au kwenye magugumaji, hasa jioni na usiku, akamngoja anayekuja kila siku mahali pale pale. Hakimbizi watu barabarani. Kutembea asubuhi mahali penye watu, mita kadhaa kutoka kwenye maji na mbali na matete, kunawaondoa kwenye njia yake, ingawa siwezi kukuambia kwamba hata sehemu ya mjini hana kabisa. Kiboko ni kinyume chake: yeye hutoka usiku kula majani na kurudi alfajiri, na hatari ni kumkuta ukiwa katikati yake na maji. Mkiona njia pana iliyolazwa kwenye majani na kinyesi kilichotapakazwa, geuzeni. Huku mjini mnyama atakayewapigisha watoto kelele zaidi ni kenge, ambaye wengi humwita mtoto wa mamba. Kenge ana shingo ndefu na ulimi uliogawanyika anautoa nje kila mara. Mwacheni apite.

Waonyesheni badala yake mijusi juu ya mawe, dume mwenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu anayepiga "pushapu" jua likimpata. Jina lake la kisayansi limebeba jina la Mwanza, na watoto hufurahi kujua hivyo. Kuna furukombe, mdiria anayesimama hewani kabla ya kupiga mbizi, na fundichuma na kiota chake kikubwa kama kapu.

Mkipata pesa ya Saanane, mvuke asubuhi hiyo hiyo kabla upepo haujageuka. Pandeni boti gatini, mahali ambapo hakuna anayekanyaga maji. Kila mtu avae jaketi okozi kabla boti haijaondoka, na la mtoto lijaribiwe: mshike kwenye mabega ya jaketi umwinue. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini litamvuka kichwa. Ombeni dogo, lenye mkanda wa kupita kati ya miguu. Pasipokuwa na la saizi yake, mdogo asipande, mbaki naye Capri Point. Kisiwa kile ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kina pimbi, swala na tumbili, na tumbili wasilishwe chochote, kwa sababu anayezoea kulishwa huuma. Kuumwa na tumbili maana yake ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa.

Maji ya kunywa bebeni kutoka nyumbani, yaliyochemshwa au ya chupa, ya ziwani yasionjwe hata kwa kusukutua. Chakula kiwe cha moto, kimepikwa mbele yenu. Sato na dagaa havileti kichocho, kuleni. Na kabla ya kuondoka Kamanga tafuteni choo, wote watatu wapite. Huyu wa miaka 8 anaweza kuwa na mayai tumboni kutoka safari za nyuma. Akijisaidia kwenye majani ya ukingoni atakuwa amewalisha konokono watakaomwambukiza mtoto wa jirani.

Pamoja na yote hayo, mguu mmoja unaweza kuponyoka ukaingia majini. Msipige kelele, mtoeni, mvueni kiatu na soksi, mfuteni hapo hapo kwa taulo kavu kwa kusugua kwa nguvu. Kusugua kunapunguza, hakumalizi. Wala mafuta ya taa au spiriti havibadilishi kitu kilichokwisha kupenya. Mkifika nyumbani chukua ile ile kalenda yenye tarehe ya Igombe, uandike na hii, uhesabu wiki nane upya kuanzia hapo. Kama zimekaribiana, mpeleke kituoni kwa tarehe ya mwisho, ili dawa iue minyoo wa safari zote mbili kwa mkupuo mmoja.